Pongezi kwa Wanaohoji Chuma

Muuzaji atakuapia kuwa kitara hiki ni kazi ya Assad Allah, mfua panga wa Isfahan, Iran, enzi za Shah Abbas wa Kwanza (1588–1629). Jina limenakshiwa kwa dhahabu. Shaka iko wapi? Mjuzi wa silaha za kale hana pupa. Anajua jina hilo lilitiwa kwenye vitara hata karne ya 19, kwa heshima au kwa ulaghai. Analiweka kando, anakihoji chuma.

Anaugeuza ubapa kwenye mwanga, lenzi jichoni. Mawimbi ya chuma cha India, kilichoyeyushwa katika vyungu vilivyozibwa, yamo ndani ya chuma chenyewe: yakifutika kwa msasa, asidi huyarudisha. Mawimbi ya kughushi yamechorwa juujuu. Yakifutika, basi tena. Kisha anachungulia mpini unapokutana na ubapa. Pengine ubapa ni wa Iran, mpini wa India, ala ya juzi tu. Huo si lazima uwe udanganyifu: silaha hurithiwa, hukarabatiwa, na kila kipande kina umri wake.

Hongera, wajuzi! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nanyi mmetufunza kutoamini viapo vya dukani.