Hereni Nzuri, Kadi ya Uongo

Hereni nilizoziona sokoni Busia ni kazi safi: waya wa shaba umekunjwa kwa mkono, ncha zimesuguliwa zisikwaruze sikio, kijiwe cha buluu hakichezi. Shida ni kile kikadi chake, na hadi Tororo nimekikuta. Eti radi ilipiga, nyika ikaungua, Wamaasai wakaokota tanzanaiti imegeuka buluu.

Tamu, lakini inaficha watu. Tanzanaiti huchimbwa Mirerani, Tanzania, na mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia. Buluu huja yakishapashwa moto kwenye tanuri, nyuzi 500 hivi. Moto upo basi, ila ni wa fundi. Jumanne Ngoma, aliyeyagundua mwaka 1967, serikali yake ilimtambua hadharani 2018! Jina lenyewe lilitoka kwa Tiffany wa New York.

Sasa vijana wetu wanaotengeneza hereni nao wanaambiwa waandike hadithi ya radi, wageni wanaipenda. Na wao wanatumia kioo, jamani. Mimi ningeandika: kioo cha buluu, waya wa shaba, kazi ya siku mbili, jina la fundi. Bei isishuke. Asiyetaka jina lake lionekane (tunao wengi, na sababu tunazijua) aandikwe "fundi" tu.