Kigoda cha Milansi: Mazungumzo ya Kina ya Redio na Fasihi Simulizi ya Ufipa

Katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), Mulokozi aliyahesabu mazungumzo miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi, sambamba na masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Hata hivyo, uhakiki uliofuata umeegemea zaidi masimulizi na ushairi. Mazungumzo yamegeuzwa chombo cha kukusanyia data: mtafiti humhoji fanani, kisha hulitupa swali na kulihifadhi jibu. Mazungumzo ya kina ya redio, yale ambayo msanii, mwanaharakati au mwanazuoni hupewa muda wa kutosha kujieleza mbele ya mtangazaji aliyejiandaa, yamepatwa na dharau hiyohiyo. Hunukuliwa, lakini hayahakikiwi.

Uwanda wa juu wa Ufipa unaifanya dharau hiyo ionekane wazi. Roy Willis, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, alikusanya hadithi za Wafipa kutoka vinywani mwa wasimulizi, akazichapisha mwaka 1978 katika kitabu There Was a Certain Man. Zilichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Sumbawanga anayetafuta simulizi za bibi yake maktabani hukutana nazo zikiwa zimevuka bahari na kubadili lugha. Redio ingeweza kuzirudisha nyumbani, lakini nayo ina mipaka yake: Kanuni za Maudhui ya Utangazaji za mwaka 2018 zinavitaka vituo kutumia Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa pale kibali kinapotolewa. Mzee wa Kifipa anayealikwa studio huingia akiwa ameacha mlangoni lugha aliyosimuliwa nayo.

Je, kinachobaki ni fasihi, au ni muhtasari wa fasihi? Jibu linategemea mno aina ya swali analoulizwa.

Tuchukue kisa maarufu cha Milansi, ambacho Willis alikichambua kwa kirefu katika A State in the Making (1981). Mtawala wa Milansi anatoka kwenda kuwinda, akiwa amemwonya mkewe asiwaachie wageni kigoda cha utawala. Wanawake wageni, Watwa, wanafika. Mke anawakaribisha, wanakikalia kigoda, na utawala unawahamia. Milansi inabaki na heshima yake ya kiibada tu. Mtangazaji anayeuliza, "Tueleze kwa ufupi historia ya Wafipa," atapewa orodha ya watawala, kisha mgawanyiko wa Nkansi na Lyangalile, na kipindi kitakwisha kabla mke yule hajafungua kinywa. Anayeuliza, "Mama yule aliwaambia nini wageni?" amemlazimisha fanani aigize. Hapo ndipo Kiswahili kinapofanya jambo ambalo watetezi wa lugha za jamii hawalizungumzii mara nyingi. "Karibu kiti" ni adabu ya kila siku kwa mgeni yeyote; na kiti hichohicho ni cheo, ni enzi, ni mamlaka ya mwenyekiti. Adabu na kujivua madaraka hukutana katika maneno mawili. Hapa tafsiri haijaipunguza simulizi, bali imeifungulia utata mpya, alimradi mtangazaji ana sikio la kuusikia na subira ya kutoukatiza. (Subira hiyo ni adimu; watangazaji wengi huogopa ukimya wa sekunde tatu kuliko wanavyoogopa jibu la ovyo.)

Haifai, hata hivyo, kuitumia bahati hiyo kuhalalisha kanuni ya lugha. Mwitikio wa hadhira, vionjo vya sauti na majina ya vitu vya shambani na vya tanuru za chuma ambazo Ufipa ilisifika kwazo havina mlango kama huo. Fanani akiombwa aseme neno la Kifipa kisha alifafanue, kipindi hupata uhai. Akikatazwa, hadithi hubaki na kiini bila ladha.

Historia ya redio nchini haisaidii sana. Mazungumzo Baada ya Habari ya Redio Tanzania yalikuwa, licha ya jina lake, sauti moja ikieleza msimamo. Mazungumzo ya kweli yalitokea upande wa pili wa chombo: katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wasikilizaji walikaa katika vikundi na kujadili walichokisikia. Utanzu ulikuwa kwa hadhira, na haukurekodiwa.

Mfano wa kuigwa uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Johannes Fabian alirekodi mazungumzo yake kwa Kiswahili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu huko Katanga miaka ya 1970, na kitabu chake Remembering the Present (1996) kinamruhusu mchoraji kubishana na mwulizaji wake. Hayakuwa mazungumzo ya redio, lakini yanaonyesha kiwango cha unukuzi ambacho mhakiki anapaswa kukidai: maswali yabaki, kusita kubaki, na neno la lugha nyingine liachwe mahali lilipotamkwa. Kwa kanda za vituo vya Sumbawanga, kazi ya kwanza ni kuzinukuu hivyo kabla hazijafutwa ili kupisha vipindi vipya, kuanzia na zile ambazo ndani yake fanani alimkatalia mtangazaji swali.