Plasta, Muhuri na Kovu la Mzee

Aibu yangu mwenyewe ndiyo iliyonipeleka Ruiru. Nilikuwa nimetengeneza bango la chama chetu kwa simu, nembo nikaitoa kwenye kundi la WhatsApp, kisha nikapeleka likachapishwe Thika kwa upana wa mita tatu. Nembo ilijaza bango zima, nayo ilikuwa na pikseli 400 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Gawanya mwenyewe: kila pikseli ilitoka na upana wa milimita saba na nusu, sawa na punje ya mahindi. Wanachama waliniuliza kama bango limesukwa kama kiondo.

Fundi niliyeelekezwa kwake, binti mmoja mwenye saiba karibu na steji, aliitazama nembo akasema, "Hii hairekebishiki. Naichora upya." Akachukua kalamu ya kwenye programu, akaweka nukta chache kulizunguka duara, akavuta mikono ya kila nukta hadi mistari ikapinda alivyotaka. Mchoro wa namna hiyo, vekta, haujengwi kwa pikseli bali kwa hesabu za mistari, ndiyo maana ukiupunguza utoshe kadi au ukiupanua ujaze ukuta wa ghorofa, makali yake hubaki yaleyale. Ningelipa niende zangu, lakini aliingia shosho mmoja na mjukuu wake, na nikabaki pale hadi giza.

Shosho alitoa picha kwenye bahasha. Mumewe alikuwa azikwe keshokutwa, na kijitabu cha wasifu wa marehemu kilitakiwa kesho yake jioni. Kwenye picha, wanaume watano walisimama kati ya miche ya Ruiru 11, ile kahawa iliyotolewa na kituo cha utafiti cha papo hapo Ruiru mwaka 1985. Marehemu alikuwa wa pili kutoka kushoto, amevaa kofia. Kichwa na mabega yake havikuzidi sentimita mbili kwa upana, na mkunjo wa karatasi ulimpita shavuni hadi kwenye kofia.

Mjukuu alikuwa amekwisha kuipiga picha hiyo kwa simu. Fundi akaikataa, akataka karatasi yenyewe. Akaisoma kwa skana, nukta 1200 kwa inchi. Uchapishaji mzuri wa kijitabu unataka nukta 300, kwa hivyo sentimita mbili zikisomwa hivyo huzaa nane. Hapo ndipo alipokoma. Mjukuu alitaka uso wa babu ujaze jalada. "Utakuwa ukungu," akamwambia, akakata fremu ya sentimita nane.

Kisha rangi. Picha nyingi za miaka ile hupoteza samawati, zikabaki nyekundu kama udongo wa Gatundu. Akaishusha nyekundu kidogo kidogo, akiliangalia shati ambalo lilipaswa kuwa jeupe, maana jeupe likikaa sawa mengine hufuata. Shosho akainama mbele ya skrini.

"Umemfanya mweupe. Mzee alikuwa mweusi, mweusi kabisa."

Fundi hakubishana. Alirudisha giza usoni hadi shosho aliponyamaza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya zana mbili, zote zimeazima majina nje ya kompyuta. Muhuri hunakili kipande cha picha na kukigonga mahali pengine kama kilivyo. Plasta, iliyoingia Photoshop mwaka 2002, hunakili ngozi lakini huilinganisha na rangi na mwanga wa pale inapotua. Shavuni alitumia plasta. Alipokaribia ukingo wa kofia akaiacha, akashika muhuri, kwa sababu plasta ikifika ukingoni hunywa weusi wa kofia na kuupaka usoni. Kidole kiligonga J ya plasta, kikagonga S ya muhuri, kikarudi J, na macho yake hayakuondoka kwenye shavu la mzee.

Akafika kwenye kipaji cha uso. Palikuwa na alama nyeupe ndogo, kama punje ya mchele. Mkono ukasimama.

"Shosho, hapa karatasi imeharibika ama ni yeye?"

"Ni yeye. Ng'ombe alimpiga teke akiwa kijana."

Akaipita. Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Siku hizi simu yoyote hulainisha uso kwa mguso mmoja bila kuuliza mtu, na ndiyo maana tunazika wazee wa miaka themanini ambao kwenye vijitabu wana thelathini.

Mjukuu bado alitaka mawingu nyuma ya babu. Fundi akayaweka, lakini kwenye tabaka lake peke yake. Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990 haikuwa na matabaka. Yalikuja 1994, na kabla ya hapo ulichokipaka kiligandana na picha. Sasa kila tabaka ni kama kioo kilicholazwa juu ya kingine, na kando yake kuna kijicho. Akakifumba: kahawa. Akakifumbua: mawingu.

"Wacha kahawa," shosho akasema. "Hiyo ndiyo ilisomesha mama yako."

Majani yaliyong'aa kwenye skrini yalitoka kwenye karatasi yamefifia kidogo, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na printa huchanganya wino. Mpangilio wa kurasa nao una hesabu yake. Kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati: ukurasa wa 1 hulala ubavuni mwa wa 16, wa 2 na wa 15, na kila jozi ukiijumlisha hupata 17. Wasifu ulipozidi nafasi kwa mistari minne, hakugusa maneno ya shosho. Alibana nafasi kati ya mistari.

Basi ukifiwa, uwe Ruiru au Thika, mpelekee fundi picha yenyewe, si picha ya picha. Ikibidi upitishe WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikipita kama picha ya kawaida hubanwa. Na asiende mjukuu peke yake. Aende na mtu aliyeujua uso wa marehemu, akae kando ya fundi.