Kalamu ya Katibu na Daftari la Mhazini

Kila chama cha wanazuoni huacha maandishi ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yaliyokusudiwa kusomwa na watu wote, kama vile majarida, kamusi, tafsiri na mihadhara iliyopigwa chapa. Ya pili ni yale ambayo chama kilijiandikia chenyewe, yaani mihtasari ya vikao, barua za katibu, orodha za wanachama na ada zao, leja za mapato na matumizi, pamoja na stakabadhi za fedha zilizoingia na kutoka. Maandishi ya kwanza huwapa waandishi wake jina, na ya pili mara nyingi huishia kabatini bila ya kutajwa. Lakini mtu akitaka kujua elimu fulani ilipatikanaje, nani aliigharimia, nani aliulizwa na nani hakuulizwa, hayo ya pili ndiyo yatakayomjibu. Wahenga waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, ila usia huo unaihusu elimu kwa uzito uleule.

Vyama vya taaluma za Mashariki, yaani vyama vilivyoundwa ili kuchunguza lugha, sheria, dini na historia za watu wa Asia na za jamii zinazotumia maandishi ya Kiarabu, vilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18: kile cha Calcutta kiliundwa mwaka 1784, na Royal Asiatic Society ya London ikafuata mwaka 1823. Unguja iliingia katika kazi za vyama hivyo kwa njia ya miswada. Mwaka 1877 tarihi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu ilinakiliwa Zanzibar. Nakala hiyo ikafika British Museum kwa mkono wa John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza visiwani, na mwaka 1895 S. Arthur Strong akaichapisha katika jarida la Royal Asiatic Society. Jarida humpa msomaji matini, lakini safari ya matini hayo kutoka Unguja hadi London huthibitishwa na maneno ya mnakili mwishoni mwa mswada na kumbukumbu za taasisi iliyoupokea. Wanazuoni wa Mji Mkongwe, waliolelewa katika elimu ya hadithi za Mtume, wanaujua vyema umuhimu wa uthibitisho huo, kwa kuwa kwao hadithi haipokelewi bila ya isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari kutoka mdomo hadi mdomo. Daftari la mapokezi, lenye tarehe, jina la mtoaji na namba ya mswada, ndilo isnadi ya mswada huo.

Ufundi wa kuandika kumbukumbu hizi una kanuni zake, na ugumu wake hauonekani mpaka akosekane mtu wa kuufanya. Katibu mzuri hanukuu kila lililosemwa kikaoni. Husikiliza mjadala mrefu, akatenga hoja na hamaki, kisha akaandika uamuzi, sababu yake, na jina la aliyekabidhiwa utekelezaji. Akirefusha mno huuzika uamuzi ndani ya maneno, na akifupisha kupita kiasi huwaachia wajumbe wa kikao kijacho ugomvi juu ya nini hasa kilikubaliwa. Mhtasari haukamiliki mpaka usomwe mbele ya wajumbe, usahihishwe, na kutiwa saini na mwenyekiti, kwani hapo ndipo kauli ya mwandishi mmoja inapogeuka ushahidi wa wote. Mhazini naye hufuata njia ya kuweka hesabu kwa pande mbili, ambayo kwayo kila muamala huandikwa mara mbili, debiti na krediti, ili pande zote zilingane mwisho wa mwaka. Na nyuma ya kila tarakimu huhifadhi hati ya malipo au kishina cha stakabadhi, ili mkaguzi asilazimike kumwamini kwa uso wake. Ujira wa mnakili, bei ya karatasi, gharama za posta na deni la mpiga chapa huonekana mambo madogo, ilhali bila ya hayo hakuna jarida linalotoka.

Thamani ya ufundi huu hudhihirika zaidi pale kumbukumbu zinaposema yale ambayo wenye chama wasingependa kuyatangaza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ushirikiano wa serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, iliyokuwa imeteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Matunda yake yalionekana wazi katika kamusi zilizochapishwa mwaka 1939, zilizotumika shuleni kwa miongo mingi. Hata hivyo, anayesoma kamusi peke yake hawezi kujua kwamba lugha ya watu wa mjini Unguja ilikuwa ikipimwa, kukatwa na kuandikiwa kanuni katika vikao ambavyo wazungumzaji wa lugha hiyo Waafrika hawakuwa wajumbe wake, na kwamba ilikuwa mwaka 1946 ndipo wajumbe Waafrika walipohudhuria kwa mara ya kwanza. Habari hiyo imo katika orodha za waliohudhuria, sehemu ya mhtasari ambayo wengi huiruka. Katibu aliyeziandika kwa uaminifu alikuwa mtumishi wa Kamati, na juu ya hivyo aliacha ushahidi unaowawezesha wajukuu wa wasiokuwapo kuihoji Kamati hiyo. Heshima anayostahili kwa kazi hiyo si ndogo kuliko ya mtunga kamusi.

Unguja haikuhitaji kufundishwa na wageni kwamba kuandika ni amana. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu na mashahidi wawepo. Wakfu nao, yaani mali ambayo mwenyewe huifunga isiuzwe wala isirithiwe ili pato lake litumike katika jambo la kheri, uliendesha misikiti na vyuo vya Mji Mkongwe kwa kodi za nyumba na mazao ya mashamba, na haukuweza kudumu pasipo hati inayotaja mipaka ya mali, msimamizi wake na wanaostahiki. Mwenye kuzisoma hesabu za kale za kisiwa hiki lazima ajue mengi kwa pamoja: tarehe za Hijria na za Miladia, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na fedha zilizopokezana, kutoka riale ya Maria Theresa hadi rupia, na kutoka rupia hadi shilingi mwaka 1936. Kosa moja la kubadili fedha huweza kumfanya mfadhili mkarimu aonekane bakhili katika historia.

Kazi ya kupokea urithi huu imo mikononi mwa watunza nyaraka wa Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, ambako Nyaraka za Taifa za Zanzibar zinahifadhiwa. Huko ndiko ilikoishia pia miswada iliyokusanywa na EACROTANAL, kituo cha utafiti wa mapokeo simulizi na lugha za Kiafrika kilichokuwa na makao yake Zanzibar, na mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mtunza nyaraka hufuata kanuni mbili kuu: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za nyingine, na mpangilio alioufanya mwandishi wa awali hauvurugwi, kwa sababu barua iliyotolewa katika jalada lake hupoteza maana iliyoipata kwa kukaa baina ya swali na jibu. Pamoja na hayo hupambana na unyevu wa masika, mchwa, ukungu na pini zilizoshika kutu, na siku nzima yaweza kwisha katika kunyoosha kurasa chache.

Kwa hiyo kila chama na baraza linaloshughulikia lugha na elimu visiwani lina deni la kuikabidhi mihtasari na hesabu zake mahali salama wakati walioziandika wangali hai, wawezao kueleza vifupisho vyao na kuthibitisha saini zao, na deni hilo halipungui kwa kuwa kumbukumbu za leo zimo kwenye kompyuta, ambazo faili zake hufutika upesi kuliko wino. Mtafiti naye, anapoandika shukrani zake, anapaswa kumweka katibu na mhazini pamoja na wanazuoni, kwa kuwa wao ndio waliofanya elimu iweze kuulizwa imetoka wapi na ikajibu.