Heko, Wanawake wa WNBA

Ligi ya WNBA, ya mpira wa kikapu wa wanawake nchini Marekani, ilianza kuchezwa Juni 21, 1997, ikiwa na timu 8. Ilipewa miezi ya kiangazi, ligi ya wanaume ya NBA ikiwa mapumzikoni na kumbi zake zikiwa tupu. Kwa maoni yangu, yale yalikuwa makombo. Wanawake wakayapokea na kuyapika upya.

Mtazame Cynthia Cooper. Alikuwa amechezea Ulaya zaidi ya miaka 10, kwa sababu kwao hapakuwa na ligi ya kudumu, na alirudi Marekani kuchezea Houston akiwa na miaka 34, umri ambao wengi huwa wameshatundika viatu. Akawa mchezaji bora wa misimu miwili ya kwanza, na timu yake ya Comets ikatwaa ubingwa mara 4 mfululizo. Mwenzake Sheryl Swoopes alijifungua Juni 1997. Wiki 6 baadaye alikuwa uwanjani. (Klabu yenyewe ilivunjwa 2008, mataji yote hayo yakiwa kabatini.)

Pongezi zangu kubwa, hata hivyo, naziweka kwa chama chao cha wachezaji, kilichoundwa 1998. Kwa miaka mingi nyota wa ligi walifunga msimu kisha wakaenda Urusi au Uturuki kutafuta ujira mnono zaidi. Chama kikadai. Mkataba wa 2020 ukawapa wanaojifungua mshahara kamili. Ndege za kukodi kwa timu zote msimu mzima zilikuja 2024 tu. Hadi hapo, mara nyingi mabingwa walipanga foleni na abiria wengine.