Ufundi wa Kukataa Upesi

Hitilafu inayosumbua zaidi katika mifumo ya hifadhidata si ile inayojitangaza kwa ujumbe wa kosa, bali ni kimya. Seva inayozimika ghafla haiagi, na programu iliyokuwa ikizungumza nayo haina njia ya hakika ya kupambanua kati ya seva iliyokufa na seva iliyochelewa tu kujibu. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba pale ambapo ucheleweshaji wa ujumbe hauna ukomo unaojulikana, hakuna utaratibu usiobahatisha unaoweza kuhakikisha kwamba mashine zote zitafikia uamuzi mmoja ikiwa hata moja kati yake inaweza kufa. Uthibitisho huo hauvunjiki, na wahandisi wenye busara hawakujaribu kuuvunja. Walichofanya ni kuweka ukomo wao wenyewe na kukigeuza kimya kuwa jibu, na kazi hiyo inaonekana vizuri katika Oracle Real Application Clusters, mfumo uliotoka mwaka 2001 pamoja na toleo la Oracle 9i, ambamo seva kadhaa, kila moja ikiitwa nodi na zote pamoja zikiitwa klasta, hufungua kwa pamoja hifadhidata moja iliyo katika diski zinazoshirikiwa.

Mlangoni pa kila nodi hukaa msikilizaji, yaani programu ndogo inayongoja maombi ya kuunganishwa, kwa kawaida katika poti ya 1521. Msikilizaji hamiliki data yoyote wala hajui mapema ni huduma zipi zinazopatikana. Hifadhidata yenyewe hujiandikisha kwake kupitia mchakato maalumu, ambao tangu toleo la 12c huitwa LREG, ukimpa majina ya huduma na kumjulisha ukubwa wa mzigo katika kila nodi. Mteja, yaani programu inayoomba kuunganishwa, akishafikishwa kwa mchakato utakaomhudumia, msikilizaji hujiondoa kabisa katika mazungumzo yao, na kwa sababu hiyo hata akianguka, vikao vilivyokwisha kufunguliwa huendelea bila kutikisika, huku wakala wa klasta, ambaye humkagua mara kwa mara, akimwinua tena. Kujiondoa huko kunastahili sifa kuliko kunavyosifiwa, kwa kuwa kiungo kisichong'ang'ania kazi iliyokwisha hakiwezi kuiangusha kazi hiyo.

Tatizo lenyewe huanza nodi nzima inapozima. Mteja anayeomba kuunganishwa na anwani ya mashine iliyokufa hufanana na mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, ila adabu ya hodi ina kikomo cha mara tatu, ilhali mfumo endeshi wa Linux, kwa mpangilio uliodumu miaka mingi, ulirudia ombi mara 6 baada ya lile la kwanza na kila mara uliongeza maradufu muda wa kungoja, yaani sekunde 1, kisha 2, kisha 4, hadi 64, jumla yake ikiwa sekunde 127. Kwa mtu aliyesimama mbele ya karani wa benki, dakika mbili hizo hazina tofauti na mfumo ulioanguka, hata kama nodi tatu nyingine ziko hai na hazina kazi kubwa.

Dawa iliyokuja na toleo la 10g ina uzuri wa aina yake. Kila nodi ilipewa, mbali na anwani yake ya kudumu, anwani pepe, yaani anwani ya IP isiyofungwa kwenye mashine moja, na wateja wakaelekezwa kutumia hiyo. Nodi ikifa, klasta huihamishia anwani pepe yake kwenye nodi iliyo hai na kuutangazia mtandao makao yake mapya. Mtu angedhani kwamba anwani hiyo imehamishwa ili iendelee kupokea wateja, lakini sivyo: huko ilikohamia hakuna msikilizaji anayeisikilizia, kwa hiyo mfumo endeshi hurudisha papo hapo pakiti ya kukataa, na mteja, akiisha kuambiwa hapana kwa sehemu ndogo ya sekunde, hujaribu anwani inayofuata katika orodha yake. Anwani nzima huhamishwa kwa ajili ya kukataa tu, na ni wahandisi wachache ambao wangethubutu kupendekeza jambo la namna hiyo kikaoni.

Mwaka 2009 toleo la 11g Release 2 liliongeza ngazi ya pili, iitwayo SCAN, ambayo ni jina moja la klasta nzima linalotafsiriwa na DNS kuwa anwani tatu, kila moja ikiwa na msikilizaji wake, iwe klasta ina nodi mbili au ishirini. Hapa utaratibu ni kinyume, kwani nodi ikifa, anwani ya SCAN huhama pamoja na msikilizaji wake na kuendelea kukaribisha wateja. (Wapo wasimamizi wanaoliandika jina hilo katika faili la hosts ili wasihangaike na DNS, wakabaki na anwani moja badala ya tatu.)

Yote hayo hutegemea uamuzi kwamba nodi fulani imekufa kweli. Nodi hupelekeana mapigo ya moyo, yaani ujumbe mfupi wa kuthibitisha uhai, na kwa mpangilio wa kawaida ukimya wa sekunde 30 huhesabiwa kuwa kifo. Diski za kura husaidia kuamua nani abaki mawasiliano yanapokatika kati ya nodi zilizo hai, na upande ulioshindwa hutolewa katika klasta, hata kwa kuwashwa upya kwa nguvu, ili pande mbili zisije zikaandika katika data ileile bila kuelewana. Hukumu hiyo inaweza kumwangukia asiye na hatia aliyechelewa tu, lakini klasta huchagua kosa hilo kwa sababu lile jingine huharibu data.

Kwa vikao vilivyokwisha kufunguliwa, anwani pepe haitoshi. Mteja anayetuma kitu hukataliwa mara moja, lakini anayengoja matokeo hatumi chochote, na Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7,200 kabla ya kuchunguza kama upande wa pili bado upo. Ndiyo maana klasta hutangaza yenyewe habari za kifo kwa programu zilizojiandikisha kuzipokea, kwa utaratibu uitwao FAN.

Linabaki swali zito kuliko yote: muunganisho ukikatika wakati muamala unathibitishwa, je, fedha zimehamishwa au la? Toleo la 12c lilileta Transaction Guard, inayoupa kila muamala kitambulisho ambacho programu inaweza kukitumia baadaye kuuliza hatima yake kupitia nodi nyingine. Jibu likiwa kwamba muamala haukuthibitishwa, mfumo huufungia njia muamala huo, hata kama kikao cha zamani bado kinahema mahali fulani, usiweze tena kuthibitishwa, na programu huweza kuutuma upya bila hofu ya kulipa mara mbili.