Faili la Nyumba Inayouzwa

Kuta nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Hayo ni maneno ya familia zilizogombea mirathi au kushtukia kwamba ndugu ameshapokea pesa za watu kimyakimya. Mimi leo namsifu mtu wa upande wa pili: yule ambaye nyumba yake inauzwa kweli, akakaa chini kuiandalia faili.

Nimeliona la mzee mmoja mstaafu wa Tabata. Juu kabisa kopi ya hati, kisha ramani ya upimaji. Bikoni zote nne kazifyekea majani zionekane. Ridhaa ya mkewe imo, tena imesainiwa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila mwenza kukubali. Risiti za kodi ya ardhi na bili za maji zimo. Namba ya mita ya LUKU pia, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na deni la mwenye nyumba wa zamani humwangukia anayenunua umeme.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye karatasi ya mwisho, aliyoiandika kwa mkono. Masika maji hutuama nyuma ya jiko. Kisima kina chumvi, ni cha kufulia. Chemba ya karibu na geti huziba, fimbo ya kuzibulia iko stoo. Bomba limepita chini ya sebule, usichimbe hapo. Mwembe wa mpakani ni wa jirani, japo maembe huangukia kwetu.

Dalali alimwambia aichane: "Mzee, unafukuza wateja." Kwa kweli wapo waliokwenda zao. Hata hivyo, anayekuambia mwenyewe kuhusu dimbwi la nyuma ya jiko, ukimsikia akitaja mpaka wa kiwanja, unamwamini. Hakuna ofisi inayodai karatasi ile. Huandikwa na mtu aliyejiweka mahali pa mgeni atakayelala humo usiku wa kwanza wa mvua.

Nawe mnunuzi, hata ukipewa faili zuri namna hiyo, nenda kwa Msajili wa Hati ukaombe upekuzi, kisha upite kwa majirani na serikali ya mtaa. Mzee mwenyewe ameyaandika hayo mwishoni mwa karatasi yake.